Soma taa kabla hujachomoa, safisha faiba kabla hujachomeka

Simu ya namna hii huingia asubuhi, na mara nyingi ni Jumatatu. "Fundi, habari za asubuhi. Ile mashine ya chumba cha nyuma ina taa inakonyeza njano. Nizime niwashe?" Anayepiga huwa ni mhasibu wa SACCOS pale Moshi mjini, au dada wa mapokezi wa ofisi ya utalii huku Sakina, Arusha, mtu aliyekabidhiwa funguo za chumba cha seva juu ya kazi zake nyingine zote. Namjibu vilevile kila mara: dada, usizime, usichomoe, usiguse. Toa simu yako, rekodi video ya nusu dakika, nitumie.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na kijana wa IT aliyeanza kazi juzi na kukuta raki (fremu ya chuma ya kufungia mashine) yenye seva, kabati la diski, swichi mbili za mtandao na nyaya za faiba (nyaya za kioo zinazopitisha mwanga) ambazo hakuna anayejua nani alizifunga. Kwa miaka niliyofanya kazi hii kati ya Arusha na Moshi, data niliyoiona ikipotea ilipotea zaidi kwa mkono wenye haraka kuliko kwa diski iliyokufa. Diski moja ikifa, mfumo umeandaliwa kuvumilia. Mkono ukikosea, hakuna kilichoandaliwa.

Hatua ya 1: Rekodi kabla ya kugusa

Picha haitoshi, kwa sababu taa nyingi za diski husema kwa kukonyeza, si kwa kuwaka. Chukua seva za Dell PowerEdge, ambazo ziko nyingi mjini. Kuna ishara moja ambapo taa huwaka kijani sekunde 3, njano sekunde 3, kisha hubaki giza sekunde 6. Maana yake data ilikuwa inajengwa upya kwenye diski iliyochukua nafasi ya nyingine, na ujenzi umekatizwa. Ukipiga picha wakati wa kijani utasema mambo ni salama. Ukipiga wakati wa giza utasema diski haina umeme. Zote mbili si kweli.

Kwa hiyo rekodi. Anza mbali, raki nzima ionekane, kisha sogea na utulie mbele ya kila taa inayokutia shaka kwa sekunde 20 hivi. Zunguka na nyuma pia. Wakati unarekodi taja rangi kwa mdomo: "hii ya tatu kutoka kushoto, njano." Kamera za simu hupausha rangi za taa ndogo, na njano ya seva, ambayo kwa kweli inaelekea chungwa, huweza kutoka kwenye video kama nyeupe tu. Kama macho yako hayatofautishi vizuri kijani na chungwa, na wapo wanaume walio hivyo bila kujijua, mwite mwenzako mtazame wote.

Hatua ya 2: Anza na kubwa, ndipo ushuke kwa ndogo

Usikimbilie diski. Anza na umeme. Nyuma ya seva nyingi kuna pawa saplai mbili, kila moja na taa yake. Kijani kilichotulia ni uzima. Ikiwa moja imezimika kabisa, jambo la kwanza si kuagiza nyingine. Fuata waya kwa mkono hadi ukutani. Mara nyingi utakuta mtu amechomoa ili achaji simu, au ekstenshini imelegea. Na kama pawa saplai zote mbili zimechomekwa kwenye ekstenshini moja, rekebisha hilo leo hii: moja ikae kwenye UPS, nyingine kwenye laini tofauti, la sivyo ile ya pili inakaa pale kama pambo.

Baada ya umeme, tazama taa ya afya ya mashine nzima kwenye uso wa mbele, kisha kabati la diski, kisha diski moja moja, kisha poti za faiba. Ukiona diski zote za kabati moja zimewaka njano kwa pamoja, tatizo si diski kumi na mbili. Ni kabati lenyewe, waya wake, au umeme wake.

Hatua ya 3: Isome taa ya diski kwa lugha ya aliyeitengeneza

Taa za diski zina kanuni ya kimataifa, inaitwa SFF-8489, inayoeleza kwamba hitilafu iwe mwanga uliotulia, kutafuta diski iwe kukonyeza mara 4 kwa sekunde, na ujenzi upya uwe kukonyeza mara 1 kwa sekunde. Ni kanuni nzuri, lakini watengenezaji wakubwa wana desturi zao. Kwenye PowerEdge utakutana na hizi:

- Kijani kilichotulia: diski iko kazini.
- Kijani kinachokonyeza polepole: data inajengwa upya.
- Kijani kinachokonyeza mara 2 kwa sekunde: mtu ameiwasha ili itambulike, au inaandaliwa kutolewa.
- Kijani, kisha njano, kisha giza, kwa zamu: diski inatabiriwa kufa, bado inafanya kazi.
- Njano inayokonyeza mara 4 kwa sekunde: imekufa.

Nenda sasa kwenye seva ya HPE ya miaka ya karibuni. Huko diski iliyokufa ina njano iliyotulia, na njano inayopishana na kijani ni onyo kwamba inaelekea kufa. Zaidi ya hapo, trei zake, yaani vishikio vya diski, zina taa nyeupe yenye maana moja tu: usiitoe diski hii, maana ikitoka, kundi zima la diski litaanguka. Ukiiona taa nyeupe, mikono nyuma.

Ndiyo maana neno "taa ya njano" kwenye simu halinitoshi. Njano ya aina gani, ya mashine gani. Chapisha ukurasa wa taa kutoka kwenye kitabu cha mashine yako, uufunike kwa plastiki, ubandike ndani ya mlango wa raki. Kazi ya dakika kumi.

Kuna taa moja inayowasumbua wageni bure: ile ndogo ya kijani inayometameta ovyo bila mpangilio. Hiyo ni diski inasoma na kuandika. Ikimetameta sana saa nane usiku, pengine bakapu inaendelea. Diski moja ikiwa imetulia wakati wenzake wanametameta, angalia kwenye programu ya kusimamia diski kama ni diski ya akiba, inayosubiri mwenzake afe ndipo ichukue nafasi. Ikiwa siyo ya akiba, hapo pana la kuchunguza.

Hatua ya 4: Hakikisha ni diski ipi, mara tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kuumiza watu.

Kilikuwa kituo kimoja cha afya Moshi, seva yenye diski nne kwenye RAID 5, mpango mmoja wa kuunganisha diski kadhaa ziwe kundi moja. Programu ikaandika kwamba diski namba 2 imekufa. Mimi nilikuwa njiani kutoka Arusha, basi limesimama Boma Ng'ombe, watu wanauza ndizi dirishani. Nikampigia kijana wa pale nikamwambia: "Toa diski ya pili." Programu ile ilikuwa inahesabu kuanzia 0. Diski namba 2 ilikuwa ya tatu kutoka kushoto. Kijana akatii, akatoa ya pili, ambayo ilikuwa nzima. RAID 5 huvumilia kupoteza diski moja tu, na moja ilishakufa. Mafaili ya wagonjwa yakatoweka kwenye skrini za mapokezi, maabara na duka la dawa kwa mara moja. Tuliirudisha diski ile, lakini kontrola (kifaa kinachosimamia diski ndani ya seva) iliiona kama ngeni na kundi halikupanda tena. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wauguzi wakakaa kuingiza upya taarifa kutoka kwenye karatasi, huku foleni ya wagonjwa ikifika nje. Kosa lilikuwa langu, si la kijana.

Tangu hapo sitoi diski mpaka mambo matatu yamekubaliana.

La kwanza ni namba ya tundu, na ujue inahesabiwa kuanzia 0 au 1. Watengenezaji wengi wameandika namba hizo kwa maandishi madogo sana pembeni ya trei. Washa tochi uzisome. La pili ni namba tambulishi ya diski yenyewe, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Programu ya kontrola itakuonyesha namba hiyo. Kwenye seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, kama diski haijafichwa nyuma ya kontrola ya RAID, amri ya smartctl -i /dev/sdc huitoa. Diski ikishatoka, kabla hujaiweka mbali, soma kibandiko na ulinganishe.

La tatu ni taa ya kutambulisha, mara nyingi ya bluu. Kila programu ya maana ya kontrola ina kitufe cha kuiwasha. Kwenye Linux kuna kifurushi cha ledmon chenye amri ya ledctl: ukiandika ledctl locate=/dev/sdc, kabati likikubali, taa ya diski hiyo itaanza kukonyeza; ukiandika ledctl locate_off=/dev/sdc, itazima. Ukiwa unamwelekeza mtu kwa simu, washa taa hiyo ukiwa mbali, kisha muulize, "Unaona nini?" Usimuulize, "Unaona ya tatu inakonyeza bluu?" Mtu mwenye hofu atajibu ndiyo.

Hatua ya 5: Toa, weka, subiri

Kabla ya kuitoa, uliza bakapu iko wapi na ilipimwa lini. Kama hakuna, chukua sasa, hata kama itakula saa tano. Kundi lililopungukiwa diski moja kwenye RAID 5 halina tena uvumilivu wowote. RAID 6 bado ina nafasi ya moja zaidi. RAID 10 hupanga diski kwa mapacha, kwa hiyo inategemea ni pacha wa nani aliyekufa.

Shika chuma cha raki ili umeme tuli utoke mwilini. Huu ni ushauri wa kweli hasa kwa kiangazi chetu, Agosti na Septemba, hewa inapokuwa kavu na sweta ya baridi ya asubuhi bado iko mwilini. Fungua lachi, vuta diski sentimita mbili tatu tu, kisha iache hapo kwa nusu dakika. Ndani yake sahani bado zinazunguka, kwa kasi ya mizunguko 7,200 au 10,000 kwa dakika, na hazipendi kutikiswa. Zikishatulia, itoe kwa mikono miwili.

Diski mpya iwe ya aina ileile na ujazo uleule au zaidi. Isukume hadi isikike imeingia, ndipo ufunge lachi. Ndani ya dakika chache ishara ya kujengwa upya ianze. Kwa diski kubwa za siku hizi ujenzi huchukua saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima, na muda wote huo diski nyingine zinafanya kazi kwa nguvu kuliko kawaida. Usizime mashine, usihamishe raki, usimruhusu mtu apige deki humo ndani.

Ile iliyokufa usiitupe wala kumuuzia mnunua vyuma chakavu. Ndani yake bado kuna majina, madeni na magonjwa ya watu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi nchini. Ifungie, kisha iharibiwe ukishuhudia.

Hatua ya 6: Ijue faiba yako kwa rangi yake

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, wengi wetu tulianza kulisikia neno faiba tukidhani ni kitu cha baharini tu. Leo iko kwenye dari za ofisi zetu, na waya uleule wa kioo ndio unaounganisha seva na kabati lake la diski.

Ganda la njano ni singomodi, faiba yenye njia nyembamba ya mwanga. Njia ya mwanga ndani yake ina upana wa mikromita 9 hivi. Unywele wa mtu ni kama mikromita 70. Ganda la chungwa ni maltimodi (yenye njia pana zaidi) ya zamani, ya daraja la OM1 au OM2. Samawati inayoelekea kijani ni OM3, au OM4. Zambarau pia ni OM4. Kijani cha ndimu ni OM5. Maltimodi za sasa zina njia ya mikromita 50. SFP, kile kipande kinachochomekwa kwenye poti kutuma na kupokea mwanga, ikiwa ya nanomita 850 huenda na maltimodi, na ile ya 1310 kwa kawaida huenda na singomodi. Ukichanganya, unaweza kupata taa ya kijani leo na usumbufu wiki nzima ijayo.

Tazama na kichwa. LC ni kile kidogo chenye kilachi, ndicho kinachotumika kwenye seva na swichi. SC ni kikubwa zaidi, cha mraba, ndicho utakachokiona kwenye kisanduku cha intaneti ukutani. Kichwa cha bluu kimesawazishwa karibu bapa. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8. Cha bluu na cha kijani visikutanishwe kamwe, kwa sababu vioo vyake havigusani sawasawa na mwanga hupotea hapo katikati.

Usichungulie ndani ya faiba wala ndani ya SFP. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, na kutoonekana hakuufanyi uwe salama. Kamera ya mbele ya simu huweza kuonyesha kinukta hafifu cha mwanga wa 850, lakini ule wa 1310 na 1550 haitauona kabisa, kwa hiyo giza kwenye simu si ushahidi kwamba laini haina mwanga.

Hatua ya 7: Taa ya poti inasema nini, na inanyamazia nini

Kwenye swichi za Brocade, ambazo ndizo nyingi kwa mitandao ya diski, poti isiyo na taa ina maana hakuna mwanga unaofika, au hakuna SFP. Njano iliyotulia: mwanga unafika ila pande mbili bado hazijaelewana. Kijani kilichotulia: wameunganika. Kijani kinachometameta: data inapita. Njano inayokonyeza polepole: mtu ameifunga poti. Njano inayokonyeza haraka: poti ina hitilafu.

Ikiwa giza liko pande zote mbili na ndiyo kwanza umefunga waya, shuku kwanza kwamba nyuzi hazikupishana. Faiba hizi huenda mbili mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Uzi wa kutuma wa upande huu uingie kwenye tundu la kupokelea la upande ule. Kichwa cha LC pacha kina kishikizo kinachofunguka. Badilisha nyuzi mbili upande mmoja tu na utazame tena.

Sasa yale ambayo taa inayanyamazia. Ofisi moja Arusha walileta mafundi wa jipsamu kurekebisha dari. Kijana akachomoa faiba mbili ili apishe ngazi, akaziacha zikining'inia bila kofia kama saa moja hivi, mafundi wakisugua kuta kwa msasa. Jioni akazirudisha. Kijani, kijani. Kila mtu akaenda nyumbani. Kesho yake mfumo wa uhasibu ukawa mzito, unakwama, unaamka, unakwama. Wiki nzima walilaumu programu. Nilipofika taa bado ilikuwa kijani, lakini hesabu ya makosa kwenye poti ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu. Taa ya kijani inasema tu kwamba mwanga unaofika unatosha kushika laini. Haisemi kwamba kioo ni kisafi.

Kwa hiyo soma namba. Brocade ina amri ya porterrshow kwa makosa na sfpshow kwa nguvu ya mwanga. Linux ina ethtool -m ikifuatiwa na jina la poti. Nguvu huandikwa kwa dBm, na kila ikishuka kwa 3, mwanga umepungua nusu. Laini ya gigabiti 10 ya masafa mafupi kwenye maltimodi hutakiwa kupokea angalau -9.9, ukiona -9 unatembea ukingoni. Andika namba ya siku ya kwanza laini ikiwa safi, uibandike kwenye raki. Bila namba ya kwanza, namba ya leo haikuambii mengi.

Hatua ya 8: Safisha, na usafishe kwa utaratibu

Vumbi letu tunalijua. Ni jepesi, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kiangazi ukipitisha kidole juu ya raki ya Mbauda au Majengo utaandika jina lako. Chembe moja tu ya mikromita 10 inatosha kuziba njia yote ya singomodi. Mbaya zaidi, vichwa viwili vya faiba hugusana kioo kwa kioo, vikisukumwa na springi. Chembe ikibanwa hapo katikati inachimba kioo, na mkwaruzo hausafishiki.

Unahitaji kalamu ya kusafishia faiba: ya milimita 1.25 kwa LC, ya milimita 2.5 kwa SC. Unahitaji vitambaa visivyoacha nyuzi, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai, ina maji mengi na huacha ukungu juu ya kioo. Shati, tishu na pamba haviruhusiwi. Kupuliza kwa mdomo pia hakuruhusiwi. Pumzi ni maji.

Kama kabati lina njia mbili za faiba, hakikisha kwenye programu kwamba njia ya pili iko hai, ndipo ufunge poti ya njia ya kwanza na kuchomoa. Moja kwa wakati. Ukizichomoa zote mbili, seva itaona diski zake zimepotea.

Shika kichwa kwa ganda lake la plastiki, si kwa ncha. Ingiza kalamu wima, ikiwa na kofia yake ya kuongozea, sukuma hadi isikike "tak", itoe. Mara moja inatosha kwa vumbi kavu. Kama una hadubini ndogo ya faiba ya kukuza mara 200 au 400, itazame sasa, waya ukiwa umechomolewa pande zote mbili. Ukiona alama ya mafuta, huenda ni kidole cha mtu. Hapo dondoshea tone moja dogo la alkoholi kwenye pembe ya kitambaa, weka ncha pale penye unyevu, kisha iburute polepole kuelekea pakavu, upande mmoja tu, bila kurudisha nyuma. Kusugua mbele na nyuma kunarudisha uchafu uleule. Tazama tena. Safisha na upande wa pili, yaani ndani ya SFP, kwa kalamu ileile ikiwa imevuliwa kofia yake ya kuongozea. Watu husahau huku, wakachomeka kichwa kisafi kwenye tundu chafu.

Hata kichwa kipya kilichotoka kwenye pakiti kinasafishwa. Kofia ya plastiki huzuia mikwaruzo, lakini ndani yake mna vumbi na mafuta ya kiwandani. Kofia zenyewe ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, kamwe zisiwe mfukoni mwa suruali pamoja na sarafu.

Mkunjo ni jambo la maneno machache: mduara wa faiba usiwe na nusu-kipenyo chini ya mara 10 ya unene wa waya, na uwe mara 20 wakati unaivuta. Kwa nyaya za kawaida mimi naacha milimita 30 na kuendelea. Funga kwa velkro, legelege, usitumie tai za plastiki za kukaza. Zinazopita darini zipitishe kwenye bomba, kwa sababu panya wa mji huu hawabagui kati ya waya wa simu na waya wa kioo. Na vipande vya kioo vilivyokatika viokote kwa gundi ya utepe, uvitie kwenye chupa yenye mfuniko, unawe mikono kabla ya kugusa jicho au chakula.

Umeme ukikatika na kurudi

Ukirudi, usiwashe vyote kwa pamoja. Subiri dakika chache utulie. Washa swichi kwanza, kisha makabati ya diski, ungoje taa za diski zote zitulie, ndipo uwashe kontrola na seva. Seva ikiamka kabla ya kabati itadhani diski zimekufa, na utajikuta na taa za njano ambazo umezitengeneza mwenyewe. Kuzima ni kinyume chake: seva kwanza, swichi mwisho.

Kabla hujafunga mlango

Rekodi video nyingine ya nusu dakika, uihifadhi pamoja na ile ya mwanzo. Andika kwenye daftari la raki tarehe, tundu, namba tambulishi ya diski iliyotoka na iliyoingia, na nguvu ya mwanga kwa kila poti uliyoigusa. Poti tupu zivikwe kofia. Sakafu uifute mwenyewe kwa kitambaa kilichokamuliwa, isifagiliwe kwa ufagio. Mlinzi na anayefanya usafi waambiwe kwamba ujenzi wa diski unaendelea hadi kesho, na mlango usifunguliwe.

Kisha zima ile taa ya bluu uliyoiwasha ulipokuwa unatafuta diski. Ukiiacha inakonyeza, atakayeingia baada yako ataikuta juu ya diski nzima, na atadhani ndiyo aliyotumwa kuitoa.